Penseli Kwenye Meza ya Modeli

Hotuba kwa wahandisi vijana, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wahandisi wenzangu, na nyinyi vijana mliojazana viti vya nyuma kana kwamba hapa mbele panafuka moshi: asanteni kwa kunialika.

Mmeniomba nizungumzie modeli katika usanifu wa viwanda, yaani mfano wa kiwanda kabla hakijajengwa: ile ya plastiki ya kushikwa kwa mkono na ile ya kompyuta. Kijana aliyenipigia simu aliniuliza, "Mzee, ipi bora?" Nikamjibu palepale: ya kompyuta. Akanyamaza, nadhani alihofu hotuba imekwisha kabla haijaanza. Jibu ni hilohilo na sitaligeuza tukifika mwisho. Nimekuja kuwaeleza jambo jingine, nalo ni kitu tulichokitupa pamoja na plastiki bila kujua kwamba tunakitupa.

Hili sanduku chini ya meza liacheni kwanza. Tutalifungua.

Nilianza kazi mwaka 1984 kusini mwa Uingereza, katika ofisi iliyokuwa ikisanifu mitambo ya kusafishia mafuta na ya kemikali. Nilikuwa mchoraji mwanafunzi. Ghorofani walikaa wachoraji safu kwa safu, mbao za kuchorea zimesimama mbele yao kama tanga zisizo na upepo. Chini palikuwa na karakana ya modeli. Ukiingia mara ya kwanza ungedhani ni duka la vichezeo vya watoto wa matajiri. Kiwanda kizima kimelala mezani: matangi, minara, pampu, ngazi, vijia vya kupita watu, na mabomba kwa maelfu, kila rangi na kazi yake. Mvuke rangi yake, maji rangi yake, mafuta rangi yake.

Kipimo chetu kilikuwa 1:33⅓. Namba inatisha kidogo, lakini hesabu yake ni nyepesi: mita moja ya kiwandani ni sentimita tatu za mezani. Mtu wa mita 1.8 anakuwa na milimita 54, hivi, kama kidole gumba changu. Tulikuwa nao watu hao wa plastiki, boksi zima, na kwangu mimi ndio waliokuwa kifaa muhimu kuliko vyote mle karakanani. Unataka kujua kama vali inafikika? Msimamishe mtu wako pale chini yake, umtazame.

Bomba la milimita 600 lilikuwa la milimita 18, linaonekana vizuri tu. Bomba la milimita 50 likawa la milimita moja na nusu, yaani waya. Ndiyo maana karakana nyingine ziliacha kutengeneza mabomba kwa unene wake. Walikunja waya mwembamba ukafuata mstari wa katikati wa bomba, kisha wakauvisha visahani huku na huko kuonyesha unene halisi. Kazi ilikwenda haraka, lakini sura yake ilikuwa mbaya. Mteja akija alipelekwa kuiona ile nyingine.

Modeli haikujengwa kipande kimoja. Iligawanywa meza kwa meza, kila meza iwe na upana wa kupita mlangoni, kwa sababu mwisho wa safari yake ilifungwa kwenye makasha ikapelekwa eneo la ujenzi. Huko ilikaa kibandani, na mafundi wa kuchomelea walipita kuitazama asubuhi kabla hawajapanda juu. Ile michoro ya isometriki, ya bomba mojamoja, anayopewa fundi akate na kuchomelea, ilichorwa kwa kupima kutoka kwenye modeli yenyewe. Modeli ndiyo iliyotangulia, mchoro ukafuata. Nimeshawasikia wahandisi wenye shahada mbili wakisema zile zilikuwa pambo la ukumbini. La hasha. Modeli ilikuwa ndiyo usanifu wenyewe, na ukumbini ilipelekwa baada ya kustaafu.

Sasa penseli.

Kila baada ya wiki kadhaa mteja alileta watu wake tuikague modeli pamoja. Mameneja walikuja na tai zao, lakini walikuja pia waendesha mitambo na mafundi wa matengenezo. Siku moja alikuja mzee mmoja, mtu wa matengenezo, mikono yake myeusi ya grisi isiyotoka tena. Asubuhi yote hakusema neno. Wenye tai walibishana kuhusu bei ya chuma. Yeye aliizunguka meza polepole, akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, kama mtu anayechagua samaki mnadani.

Kuna mtambo unaitwa kibadilisha joto. Ni mtungi mrefu uliolala, ndani yake mna tyubu nyembamba mamia, zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Kimiminika kimoja kinapita ndani ya tyubu, kingine nje yake, na joto linahama. Tyubu hizo huziba uchafu, na kila baada ya muda mzigo mzima huvutwa nje ukaoshwa. Tyubu zikiwa za mita sita, mbele ya mtungi panahitajika zaidi ya mita sita zilizo wazi. Hilo kila mhandisi wa mabomba analijua.

Yule mzee alichukua penseli kwenye sikio la mchoraji aliyekuwa karibu, mpya, haijachongwa mara nyingi. Akailaza kwenye kibadilisha joto kimojawapo, akaanza kuivuta nje taratibu, kama anavyovuta mzigo wa tyubu. Penseli mpya ina sentimita kama 18. Pigeni hesabu: kwa kipimo chetu ni mita sita kamili. Ikatoka nusu ikagonga nguzo. Akaivuta tena. Ikagonga tena. Ndipo aliposema neno lake la kwanza siku ile: "Na huyu atatokaje?"

Mchoro wa msingi wa nguzo ulikuwa sahihi. Mchoro wa kibadilisha joto ulikuwa sahihi. Kila mmoja ulichorwa na mtu wake, ukakaguliwa na mtu wake, ukapigwa muhuri. Mchana ule ule tukakigeuza kile kibadilisha joto kielekee upande wa pili, gharama yake plastiki kidogo na gundi. Yule mzee, wakati wa chai, aliniambia kwamba ramani hazisomi vizuri, hajawahi kuzisoma vizuri maisha yake yote. Nimeikumbuka kauli hiyo kila mara nilipokaa kwenye kikao cha usanifu tangu siku ile.

Nisije nikawafanya mlilie plastiki. Ilikuwa na shida zake na zilikuwa nyingi. Modeli ilikuwa moja tu duniani. Ofisi ikiwa London na mteja yuko Muscat, basi mmoja apande ndege. Ukibadilisha kipenyo cha bomba kuu, siku mbili za kazi zinang'olewa. Kuhesabu vifaa, viwiko vingapi, flanji ngapi, boliti ngapi, ni macho na karatasi, na macho huchoka. Mfagiaji akipitisha kiwiko chake, bomba limeanguka, na asubuhi hakuna anayejua lilikuwa wapi hasa. Baadaye, nilipokwenda kufanya kazi Ghuba, niliikuta modeli moja kibandani kwenye eneo la ujenzi, mwezi wa saba, kiyoyozi kimekufa. Gundi ilikuwa imelegea, na bomba la mvuke limejilaza begani mwa tangi kama mlevi. Mafundi walikuwa wamelifunga kwa uzi pale walipoona panafaa.

Kompyuta ilikuwa imeshaanza kuja, tena muda mrefu kabla yangu. Mwaka 1967 serikali ya Uingereza ilianzisha mjini Cambridge kituo cha usanifu kwa kompyuta, CADCentre. Katikati ya miaka ya 1970 watu wa kituo hicho, wakishirikiana na kampuni ya Kiholanzi ya Akzo, walianza kutengeneza programu ya kusanifu viwanda iliyoitwa PDMS. Kituo hicho baadaye kilibinafsishwa na leo mnakijua kwa jina la AVEVA. Wengine wenu hapa mnaota kwa programu zake.

Walichokifanya Cambridge kinastahili kuelezwa, maana watu hudhani ubunifu wao ulikuwa picha. Picha wakati ule zilikuwa mbovu, mistari mitupu inatoka kwenye kalamu ya mashine. Ubunifu ulikuwa kanzidata. Mchoraji hakuchora kiwiko. Alikiita kutoka kwenye katalogi, na kikaja na vipimo vyake vyote, uzito wake, aina ya chuma chake. Bomba likawa taarifa iliyokaa mahali fulani angani, na mchoro ukawa namna mojawapo tu ya kuiuliza ile taarifa. Uliza upewe isometriki. Uliza upewe orodha ya boliti. Uliza ni wapi chuma viwili vimeingia mahali pamoja, upewe orodha ya migongano. Mwaka mmoja wa macho ya watu sita, mashine inaumaliza usiku mnapolala.

Nje ya viwanda, mfano unaotajwa zaidi ni Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1994. Ndege za abiria kabla yake zilitengenezewa kwanza mfano wa ukubwa halisi, wa mbao au bati, wapate kujaribu kama vipande vinakaa. Hii waliisanifu yote kwenye kompyuta kwa programu ya Kifaransa ya CATIA. Walijenga mfano wa sehemu ya pua tu, kuihakiki kompyuta, wakaona inatosha.

Kwa hiyo karakana zikafungwa. Ya kwetu ilifungwa mapema miaka ya 1990. Kompyuta ilishinda kwa haki, na ningekuwa mimi mwenye pesa ningeamua vilevile. Kilichonichukua miaka kukiona ni kwamba meza ilipoondoka, wale waliokuwa wakiizunguka waliondoka pia.

Niwape kisa kingine, cha miaka ya 2000, tena cha aibu yangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa mmoja wa waliotia saini. Mtambo wa gesi, jangwani. Modeli ya kompyuta safi kabisa. Ripoti ya mwisho ya migongano: sifuri. Tulipiga picha na ile ripoti. Kiwanda kikajengwa, na mwezi wa kwanza tu wa kazi nikaitwa. Kulikuwa na vali ambayo ilipaswa kufungwa kila zamu, na gurudumu lake lilikuwa mita mbili na nusu kutoka sakafuni. Hakuna ngazi, hakuna jukwaa. Waendesha mitambo walikuwa wamejitafutia njia: wanakanyaga bomba lililofunikwa kwa blanketi la kuzuia joto, wanashika nguzo kwa mkono mmoja, wanazungusha kwa mkono wa pili. Bati la lile blanketi lilikuwa limebonyea umbo la kiatu.

Kompyuta haikukosea. Tuliiuliza kama kuna chuma viwili mahali pamoja, ikasema hapana. Hatukuiuliza kama kuna mtu atafika pale. Kwa kompyuta, nafasi tupu ni nafasi iliyo salama, mpaka pawe na mtu wa kuchora sanduku lisiloonekana na kuandika: hapa ni pa kuvutia tyubu, hapa ni pa kusimama mtu, hapa ni pa kupita kreni. Programu nzuri zinaruhusu hilo, na ofisi nzuri zinalidai. Lakini lazima awepo mtu wa kulifikiri kwanza, na anayelifikiri ni yule ambaye mgongo wake umeshawahi kuuma kwa kukosekana kwa nafasi ile.

Mtasema, lakini vikao vya kukagua modeli vipo hata leo, kwenye asilimia 30, 60 na 90 ya usanifu. Vipo, nimeviendesha vingi. Niwaelezeni vinavyokuwa. Chumba kina giza. Ukutani kuna picha. Kijana mmoja ameshika kipanya, na anaruka ndani ya kiwanda kama mbayuwayu, anapita katikati ya mabomba, anapanda mnara, anateremka, anageuka. Waendesha mitambo wamekaa safu ya tatu wanatazama kama watu walio sinema. Mmoja anaona jambo, anafungua mdomo, picha imeshahama. Aombe irudishwe? Mbele yake wamekaa wakubwa watatu wa kampuni. Anafunga mdomo. Na hata asipofunga, kinachoonekana pale ni kiwanda cha ndege. Mbayuwayu hahitaji ngazi, na mlango mfupi haumgongi kichwa.

Kwenye meza, wakubwa na wadogo walisimama wima wote. Hakuna aliyeshika usukani. Mkono wa fundi uliweza kuingia penye kiwanda wakati meneja bado anaongea, wala haikuwa utovu wa adabu.

Tena kuna suala la ukubwa. Kwenye kioo cha kompyuta, vali ya kiganja na vali ya tani mbili zinaweza kuwa na ukubwa uleule, inategemea umesogea kiasi gani. Nimewahi kumuona mhandisi mwerevu sana akishtuka eneo la ujenzi, mbele ya vali aliyoichora yeye mwenyewe miezi minane, kwa sababu ilikuwa ndefu kuliko yeye. Modeli ya plastiki haikukupa njia ya kusogea hivyo. Yule mtu wa milimita 54 alikuwa pale wakati wote.

Hapa inabidi nichepuke kidogo, maana wanafunzi huchanganya mambo mawili. Modeli niliyoisimulia ni ya umbo. Umbo ukilipunguza linabaki lilelile. Mwenendo wa maji au moto hauko hivyo.

Tazameni modeli ya Ghuba ya San Francisco, iliyojengwa na jeshi la wahandisi la Marekani huko Sausalito mwaka 1957. Mtu mmoja, John Reber, mtu wa maigizo ya jukwaani, alikuwa amependekeza ghuba ile ijengewe kuta za kuikata, iwe maziwa ya maji baridi. Wazo lilipata wafuasi. Wakajenga ghuba nzima ya zege ndani ya ghala: kwa urefu na upana 1:1000, lakini kwa kina 1:100. Kwa nini vipimo viwili? Kwa sababu kina cha mita kumi kikigawanywa kwa elfu ni sentimita moja, na maji ya sentimita moja hayaendi kama bahari, yananata kama uji. Wakayapa kina mara kumi zaidi. Kwa kufanya hivyo maji yakaenda kasi mno, basi wakasimika vipande vya shaba kwa maelfu chini yake kuyakwaruza. Siku nzima ya kupwa na kujaa ilipita kwa robo saa. Na modeli ikaonyesha kwamba mpango wa Reber haufai. Leo kompyuta zimeshika kazi ile, watoto wa shule ndio wanaokwenda kuitazama. Lakini msidhani modeli za maji zimekufa zote. Vyumba vya kuvutia maji ya pampu kubwa, kwenye mitambo ya umeme, bado hujengwa vidogo na kumwagiwa maji kwanza, maana kizunguzungu cha maji mbele ya pampu kinawashinda hata wenye kompyuta kubwa.

Na umbo peke yake halitoshi. Tarehe 1 Juni 1974, huko Flixborough, Uingereza, kiwanda cha kemikali kililipuka, watu 28 wakafa. Kilikuwa na vinu sita, yaani mitungi mikubwa ya kemikali, mfululizo. Kinu cha tano kilipata ufa kikaondolewa, na ili kazi isisimame wakaunganisha cha nne na cha sita kwa bomba la inchi 20 lililopinda kama kiwiko mara mbili, kwa kuwa matundu hayakuwa kimo kimoja. Kila ncha ilikuwa na kiungo cha kunyumbuka, mikunjo yake kama kodiani. Mchoro pekee wa bomba lile ulikuwa wa chaki, sakafuni mwa karakana, kwa ukubwa halisi. Ukipenda, ile nayo ilikuwa modeli, 1:1. Umbo lilitoshea vizuri tu. Hakuna aliyepiga hesabu ya nguvu ambayo shinikizo lingeisukumia mikunjo ile. Plastiki isingewaambia, na modeli ya kompyuta ya mabomba, isiyounganishwa na hesabu za mkazo, isingewaambia pia.

Kuhusu kuamini kioo kupita kiasi nitasema kifupi tu: ndege ya Airbus A380, mwaka 2006. Kiwandani Hamburg, Ujerumani, walitumia toleo moja la CATIA, na Toulouse, Ufaransa, toleo jingine. Nyaya zilizosanifiwa upande mmoja zilipofika upande wa pili zilikuwa fupi. Ndege ilichelewa kama miaka miwili. Kwenye vioo vyote viwili kila kitu kilikuwa kimekaa sawa.

Sasa mnataka kujua nafanyaje mimi. Sina fomula. Kwenye miradi yangu ya mwisho niliweka masharti machache, na baadhi ya wakubwa yaliwaudhi. Kipanya anashika mwendesha mitambo, hata kama hakijui, hata kama tunapoteza saa nzima anajifunza. Kuruka marufuku: programu nyingi zina namna ya kutembea kwa miguu, macho yakiwa mita 1.7 kutoka sakafuni, ukitaka kupanda utafute ngazi. Fundi wa matengenezo anaulizwa kwanza, meneja mwisho. Na kwa sehemu zenye msongamano, pampu, vibadilisha joto, chumba cha kompresa, ile mashine ya kushindilia gesi, tunachapisha kipande kwa printa ya 3D na kukiweka mezani. Zile miwani za kuvaa usoni nimezijaribu, ni nzuri, ila anayeziona ni mmoja mmoja na wengine wanabaki kumtazama anavyopapasa hewa.

Kuna aliyenikosoa kwamba hayo ni mapenzi ya mzee kwa ujana wake. Inawezekana. Lakini kile kipande cha kwanza tulichochapisha, cha pampu nne tu, kilikaa mezani dakika kumi kabla fundi mmoja hajachomoa bisibisi mfukoni na kuipitisha penye upenyo, kuona kama itafika kwenye boliti ya nyuma. Haikufika.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi tulifungue.

Karakana yetu ilipofungwa, modeli zilitupwa kwenye tangi la taka uani, kiwanda juu ya kiwanda. Niliomba ruhusa nikaokota pembe ya meza moja. Nimeibeba nchi tatu. Hapa mna pampu mbili, vibadilisha joto viwili, nguzo tatu za njia ya mabomba, na mtu mmoja wa plastiki ambaye mkono wake umekatika, msimuulize kwa nini. Sogeeni, na nyinyi wa nyuma pia, acheni viti. Mwenye penseli mpya aje nayo. Kibadilisha joto cha kushoto kinatoka vizuri, cha kulia sitawaambia. Ila taratibu na ile vali ya kijani, gundi yake ni ya mwaka 1985.